Mbona Kijani? Bi Mbona Anaiaga Paneli ya Seva

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, saa kumi jioni, msimamizi wa hifadhidata wa hospitali yetu atarudisha funguo za Chumba cha Seva na kustaafu rasmi baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Kwenye orodha ya mishahara ana majina matatu marefu. Sisi tuliofanya naye kazi tumemjua kwa moja tu, Bi Mbona, na kwa kuwa yeye mwenyewe huitika upesi zaidi akiitwa hivyo, ndilo nitakalolitumia hapa.

Hakuna anayekumbuka ni nani aliyempa jina hilo, ila sababu yake anaijua kila aliyewahi kukaa naye meza moja. Nusu ya sentensi zake huanza na neno hilo. Mbona feni ya seva imebadilisha mlio? Mbona daktari wa zamu ameingia kwenye mfumo mara mbili? Mbona leo hujanywa chai? Haulizi kwa ukali wala kwa umbea. Anauliza kwa sababu anataka kujua, na akishajua uso wake hung'aa mpaka unasahau kwamba dakika tano zilizopita alikuwa anakukera.

Aliajiriwa kama mpiga chapa katika Ofisi ya Kumbukumbu, enzi za mafaili ya kahawia na makabati ya chuma ambayo droo zake zilihitaji teke ili zifunguke. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wenzake waligombea zamu za asubuhi. Yeye aliomba zamu ya mwisho, maana baada ya zamu ya mwisho hakuna anayekuja kukuondoa kitini. Hospitali ikampeleka chuo akarudi na cheti, ikampeleka tena akarudi na shahada, na kila aliporudi alikuta swali aliloliacha bado linamngoja mezani. Alipanda kutoka karani wa takwimu hadi msimamizi wa hifadhidata, cheo alichokishika kwa miaka kumi na tisa.

Kwa wasomaji wa jarida hili walioko jikoni, maabara au wodini, ambao hutujua sisi wa Chumba cha Seva pale tu mambo yanapokwama, naomba nieleze kidogo kazi yake. Hifadhidata ni ghala la taarifa zote za wagonjwa wetu, na seva ni mashine inayolilinda ghala hilo. Seva ina tabia moja ya ajabu: inajisema yenyewe mchana kutwa. Nani ameingia, nani amekataliwa, nani ameuliza swali gani, jibu limechukua sekunde ngapi, nini kimeharibika. Maneno yake hayo ndiyo tunayaita logi. Zamani kuyasoma ilikuwa kazi ya kuvaa sweta, kwa sababu ilibidi uingie chumba chenye baridi kali na kukodolea macho kioo cheusi mpaka herufi nyeupe zikuchezee. Kisha ikaja paneli. Paneli hufunguka kwenye kivinjari kama ukurasa wowote wa mtandao, ukiwa umekaa kwenye meza yako, na ndani yake unachagua logi unayoitaka, unaitafuta kwa tarehe, unaamua kipi kiandikwe na kipi kisiandikwe. Juu kabisa kuna maduara ya rangi. Kijani ni shwari, njano ni onyo, nyekundu kimbia.

Siku paneli ilipowekwa tulishangilia. Bi Mbona alikaa mbele yake, akayatazama maduara yote yakiwa kijani kibichi, kisha akauliza, “Mbona kijani?”

Tulicheka hadi machozi. Watu huuliza kuhusu nyekundu. Lakini yeye hakuwa anatania. Hospitali nzima ilikuwa inafanya kazi asubuhi ile, foleni ya famasi ilikuwa imefika mlangoni, na seva haina hata neno moja la kulalamika? Alichimba mpaka akagundua kwamba fundi aliyeifunga paneli alikuwa ameiunganisha na seva ya majaribio, ambayo hakuna mtu aliyekuwa anaitumia. Ile ya kweli ilikuwa inalalamika mahali ambapo hakuna macho. Sijui wangapi kati yetu wangeweza kuwa na shaka na habari njema.

Udadisi huo ulitupa visa vingi. Kuna kipindi wodi ya upasuaji ilikuwa inatoa makosa ya nywila kila asubuhi, mengi, yamejipanga kwenye paneli kama siafu. Watu wa usalama wakaanza kunong'onezana kuhusu wadukuzi wa ng'ambo. Bi Mbona alitazama saa za makosa hayo, akachukua bisibisi, akapanda ghorofa ya pili, akang'oa kitufe kimoja cha kibodi ya muuguzi mkuu. Chini yake palikuwa na sukari iliyoganda. Makosa yalikuwa yanaanza saa ya chai. Kitufe kilinata, herufi ikajiandika mara mbili, nywila ikakataliwa. Muuguzi mkuu mpaka leo anadai sukari ile haikuwa yake.

Bi Mbona alinionya nisimpake mafuta kwa mgongo wa chupa, kwa hiyo na hili niliseme. Aliwahi kuifunga hospitali nzima. Alitaka kujua ni nani anayeielemea seva asubuhi, akaingia kwenye mipangilio ya paneli na kuiamuru seva iandike kila kitu: kila swali, kila jibu, kila kikohozi. Seva ikatii. Iliandika, ikaandika, mpaka logi zikaijaza diski, na diski ikijaa hifadhidata husimama wima kama punda aliyekataa mzigo. Famasi ikarudi kwenye karatasi. Maabara ikarudi kwenye karatasi. Mhasibu akarudi nyumbani. Bi Mbona alizunguka wodi moja baada ya nyingine akiomba radhi, na wodi ya wazazi wakampa mtoto mchanga ambebe huku wakimsuta. Tangu siku hiyo logi zetu hukatwa zikifikia ukubwa fulani, za zamani hubanwa na kuhamishiwa diski nyingine, na paneli hupiga kelele nafasi ikianza kwisha. Kwenye nyaraka utaratibu huo una jina refu. Sisi tunauita Msamaha.

Ila yote hayo ni vichekesho vya kusimulia kwenye chai. Kuna jambo moja ambalo ndilo lililomfanya awe Bi Mbona tunayemuaga, na wageni wengi kazini hawalijui.

Paneli yetu ilikuwa na kitufe kilichoandikwa Safisha. Ukikibonyeza, logi zote zinafutika, mpya na zilizobanwa, na maonyo yake yanaondoka nazo. Na kila Ijumaa jioni paneli ilimtumia mkurugenzi ripoti ya wiki, ambayo juu yake kulikuwa na duara moja kubwa. Likiwa kijani, kitengo kilisifiwa kikaoni. Likiwa njano, simu ililia. Unaweza kukisia mambo yalivyokwenda. Tulijizoesha, wote bila kubagua, kubonyeza Safisha nusu saa kabla ya ripoti kutoka. Tuliita kupiga fagio, na tulikuwa na zamu ya fagio iliyobandikwa ukutani kama zamu nyingine yoyote. Hakuna aliyehisi anaficha kitu. Unafagia, duara linakuwa kijani, unachukua mkoba wako unakwenda zako. Bi Mbona naye alifagia zamu yake ilipofika.

Mwaka mmoja kliniki ya moyo ya watoto ilihamishwa kutoka jengo la zamani. Rekodi zake nazo zikahamishwa, kutoka kwenye kompyuta kuukuu ya kliniki kuja kwenye seva yetu, fungu baada ya fungu, kwa wiki nzima. Ijumaa paneli ikaonyesha njano, mwenye zamu akapiga fagio, duara likawa kijani, na mkurugenzi akatupongeza kwa kuhamisha kliniki bila hitilafu hata moja.

Miezi kadhaa ikapita. Ijumaa moja zamu ya fagio ikamwangukia Bi Mbona, na kabla ya kubonyeza, kwa tabia yake ya kuchungulia, akatupa jicho kwenye logi ya maswali yanayochelewa. Akaona swali moja lililoulizwa Jumatatu kutoka dirisha la tatu la mapokezi. Lilikuwa swali la kufagia, na kwa kuwa hili si fagio la Safisha, lahitaji maelezo. Ukiwa na namba ya kadi ya mgonjwa, seva inakwenda moja kwa moja kwenye rekodi yake. Lakini ukiandika kipande tu cha jina, seva hulazimika kupitia kila rekodi, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na wakati huo wengine wote wanangoja. Bi Mbona aliuchukia mtindo huo na alitupigia kelele kuuhusu mpaka tukaukariri. Swali la dirisha la tatu lilikuwa limeichosha seva kwa sekunde nyingi na mwisho wake kulikuwa na maneno haya: rekodi zilizopatikana, sifuri. Akasonya, akabonyeza Safisha, akaenda nyumbani.

Ijumaa iliyofuata alishika zamu ya mwenzake aliyekwenda harusini. Akachungulia tena. Dirisha lile lile, Jumatatu, jina lile lile, sifuri ile ile. Akaondoa mkono kwenye kipanya.

“Mtu akiambiwa hakuna, huondoka,” alimwambia aliyekuwa meza ya jirani. “Huyu mbona anarudi?”

Hakubonyeza. Ripoti ikatoka na duara la njano, na simu ya mkuu wa kitengo ikalia kabla hatujafunga madirisha. Bi Mbona akamwambia mkuu kwamba Jumatatu atakuwa na jibu, na mkuu, ambaye hakupenda hata kidogo, alimwacha.

Jumatatu asubuhi alivuta kigoda akakaa nyuma ya dirisha la tatu. Dada wa dirisha hilo alimweleza bila kuficha. Kuna mama, fundi wa kushona mapazia, huja kila wiki na binti yake. Anasema mtoto ni mgonjwa wetu wa siku nyingi, na kadi ya mtoto ililowa maji mpaka namba haisomeki, kwa hiyo anamtafuta kwa jina, na mashine haimjui. Dada amemwambia mara chungu nzima wamfungulie faili jipya, mama hataki kusikia. Hajamaliza kusema, mama mwenyewe akatokea. Alikuwa amembeba binti wa miaka kama sita, mkubwa wa kubebwa, miguu inaning'inia, kwa sababu ngazi zetu za mbele zilikuwa zinamshinda mtoto. Midomo yake ilikuwa na rangi ambayo hakuna mzazi apendaye kuiona. Dada akaandika jina. Seva ikafagia. Sifuri.

“Mwanangu si mgeni hapa,” mama alisema, tena kwa sauti ya kawaida tu, ya mtu aliyekwisha kuchoka kupaza sauti. “Mkinifungulia faili jipya mtakuwa mmesema ameanza kuumwa leo.”

Bi Mbona aliwachukua wote wawili mpaka kwa daktari wa moyo wa watoto. Daktari huyo alikuwa mpya, yule aliyemhudumia binti zamani alikuwa amehamia kwingine. Akaeleza kwamba mwisho wa mwezi wangekuja madaktari wageni wa upasuaji, na kwamba wanachagua watoto ambao vipimo vya miaka iliyotangulia vinaonyesha moyo unavyozidi kuelemewa. Orodha inafungwa Ijumaa ile adhuhuri. Binti alikuwa na vipimo vya miaka miwili, lakini vyote vilikuwa kwenye rekodi isiyoonekana. Bila rekodi hiyo anahesabiwa mgeni, na wageni wanangoja duru ya mwaka ujao. Bi Mbona akauliza kama mtoto huyu anaweza kungoja mwaka. Daktari alianza kupanga kalamu zake mezani.

Bi Mbona akarudi Chumba cha Seva akafungua paneli, akatafuta logi za wiki ile ya kuhamisha kliniki. Patupu. Fagio lilikuwa limepita. Akaenda ukutani kwenye zamu za fagio, akafunua karatasi za nyuma mpaka akaifikia Ijumaa hiyo. Kisha akageuka akatuambia, bila kuulizwa na mtu, “Ni mimi.” Kila mmoja wetu alijua kwamba angeweza kuwa yeye mwenyewe.

Mwingine angekaa akajilaumu. Yeye alikuwa na mpaka Ijumaa. Alikumbuka kwamba seva hunakiliwa kwenye mikanda ya akiba, na kwamba ingawa mikanda ya kila siku huandikwa juu yake tena, wa mwisho wa mwezi huwekwa mwaka mzima kwenye kabati la chuma. Kliniki ilihamishwa wiki ya mwisho wa mwezi, na mkanda wa mwezi hunakiliwa Ijumaa ya mwisho mchana, kabla ya fagio. Jumanne alikuwa na mkanda mkononi. Akaipakia logi yake kwenye kompyuta ya ziada, akaiunganisha na paneli, na sisi tukajazana nyuma yake.

Ilikuwa imeandikwa waziwazi. Fungu la nane limekataliwa. Namba ya kadi imejirudia. Mabadiliko yote ya fungu hili yamefutwa. Watoto wawili kliniki ya zamani walikuwa wamepewa namba moja kwa bahati mbaya, na seva haikubali watu wawili ndani ya namba moja. Sheria yake ni kupokea fungu zima au kutopokea kitu. Kwa hiyo ililirudisha fungu zima, watoto zaidi ya mia mbili, na ikasema hivyo kwa maneno ambayo hata mgeni angeyaelewa. Sisi tukaiziba mdomo kwa fagio, tukapongezwa. Kilichotutisha zaidi ni kwamba wengi wa watoto hao walikuwa wamekwisha kurudi kliniki, wakaambiwa hawamo, wakafunguliwa faili jipya, na wazazi wao wakakubali. Ni mama mmoja tu aliyekataa.

Ilibaki kuipata kompyuta kuukuu ya kliniki. Ilikuwa stoo, chini ya ngazi, pamoja na viti vilivyovunjika na vitanda visivyo na magurudumu, vyote vimeuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Lori lake liliingia getini Jumatano asubuhi, Bi Mbona akiwa amefika stoo muda mfupi tu kabla yake. Bwana stoo akamwambia kwamba kitu kilichokwisha kuuzwa hakitoki bila saini tatu. Bi Mbona hakubishana. Aliketi juu ya kompyuta, akakunja nne, akatuma watu wamtafutie saini. Wapakizi wakabeba viti, wakabeba vitanda, wakamzunguka kama nguzo ya jengo. Bwana stoo husimulia kisa hiki kila mwaka kwenye sherehe ya wafanyakazi, na kila mwaka anaongeza saini moja na kuupunguza ukali wake.

Kompyuta iliwaka kwa jaribio la tatu, ikinguruma kama mashine ya kusaga. Muuguzi wa kliniki akatusaidia kuwatenganisha wale watoto wawili wenye namba moja. Alhamisi mchana Bi Mbona akalilisha lile fungu upya, na safari hii kitengo kizima kilisimama nyuma ya kiti chake tukiisoma logi mstari kwa mstari kadiri ilivyokuwa inatoka. Fungu limepokelewa. Yeye hakushangilia. Alimpigia simu dada wa dirisha la tatu akamwomba aandike lile jina, vile vile kama anavyoliandika kila Jumatatu, kipande tu, bila namba. Tukaisikia seva inafagia. Duara likawa njano. Kisha paneli ikaonyesha jibu: rekodi zilizopatikana, moja.

Nilikuwepo. Nililia, na sioni haya kuliandika hilo kwenye jarida la wafanyakazi.

Binti aliingia kwenye orodha, akapasuliwa, akapona. Alipotoka wodini alizipanda na kuzishuka ngazi za mbele mara tatu mpaka mlinzi akamwuliza kama amepoteza kitu. Mama yake aliomba kuiona mashine. Hairuhusiwi mtu kuingia Chumba cha Seva, kwa hiyo Bi Mbona alimsimamisha kwenye kioo cha mlango. Mama akalitazama lile kabati la taa zinazopepesa, akasema, “Kumbe ndiyo hii iliyokuwa inanikatalia mtoto.” Bi Mbona akamwambia hapana, mashine ilisema ukweli tangu siku ya kwanza, waliokuwa hawasikii ni sisi. Wale watoto wengine wa fungu la nane walitafutwa mmoja mmoja na mafaili yao kuunganishwa. Kazi hiyo ilichukua miezi, na hakumwachia mtu mwingine.

Ripoti ya Ijumaa ile ya orodha ilitoka nyekundu, kwa sababu ya kulisha fungu zito katikati ya kazi. Mkuu wa kitengo aliiacha iende ilivyo. Mkurugenzi akateremka mwenyewe. Bi Mbona akampa kiti na kumsomea logi yote, pamoja na sehemu ya zamu ya fagio na jina la aliyekuwa zamu. Hapo ndipo ilipozaliwa desturi tuliyo nayo sasa. Kitufe cha Safisha kiliondolewa, na mahali pake kuna Hifadhi. Kila Ijumaa alasiri watu wawili huketi na kusomeana logi za wiki kwa sauti, chai mkononi, na wengine hupita kusikiliza kama wanavyopita kusikiliza mpira redioni. Duara la ripoti bado lipo. Tofauti ni kwamba siku hizi mkurugenzi akiona kijani hupiga simu kuuliza mbona.

Nyumbani, shemeji yetu, mume wa Bi Mbona na mwalimu wa hesabu aliyestaafu kabla yake, ametueleza kwamba anaingojea Ijumaa ijayo kwa furaha na kwa woga kiasi. Anasema mkewe ameshaanza kuuliza mbona tangi la maji linapungua mchana wakati hakuna mtu nyumbani, na kwamba majirani wawili wamebadilisha njia. Wajukuu wanampenda kwa sababu ni mtu mzima pekee wanayemjua ambaye wakimuuliza kwa nini, hawaambii wanyamaze.

Ijumaa iliyopita, Bi Mbona alikuwa ameitwa ofisi ya utumishi kusaini fomu zake, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tulizisoma logi bila yeye kuwa chumbani. Tulipofika kwenye maswali yanayochelewa, msomaji akatugeuzia kioo cha kompyuta. Kulikuwa na swali la kufagia. Kipande cha jina, bila namba, seva imepitia kila rekodi kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na limetoka kwenye kompyuta ya Bi Mbona mwenyewe, yeye aliyetupigia kelele miaka yote hiyo. Jina hatutalitaja hapa. Wale tuliokuwepo mwaka ule tulilijua papo hapo.

Tukafungua logi zilizohifadhiwa. Ijumaa ya kabla yake, swali hilo hilo. Na ya kabla ya hiyo. Tulirudi nyuma mwaka baada ya mwaka mpaka tukachoka. Kwa kuwa siku zote yeye ndiye aliyekuwa anatusomea ukurasa huo, alikuwa akilipita tu, na sisi na masikio yetu hatukujua. Swali lenyewe halifungui faili la mtu wala halisomi ugonjwa wake. Linauliza tu kama yumo. Na mwisho wa kila moja, wiki baada ya wiki, kuna jibu lile lile: rekodi zilizopatikana, moja.

Aliporudi na fomu zake tulimuuliza mbona hakutumia namba, maana angepata jibu kabla hajapepesa jicho. Akaona haya, kitu ambacho sijawahi kukiona kwake. Akasema aliuliza kwa maneno yale yale ya dirisha la tatu kwa sababu alipenda kuisikia seva inatafuta, inatafuta, halafu inampata.

Basi, Bi Mbona, kwa niaba ya Chumba cha Seva, madirisha yote ya mapokezi, muuguzi mkuu na sukari isiyo yake, tunakushukuru kwa kila swali uliloliuliza na kila moja ulilotufundisha kuliuliza. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na tangi la maji litakalokushughulisha kwa muda. Wenzetu wa famasi na maabara tunawaomba radhi mapema: kila Ijumaa alasiri mfumo utaendelea kuwa mzito kwa sekunde chache, na safari hii mjue ni sisi. Nawe, Bi Mbona, simu yako iwe karibu siku hiyo. Tutakupigia kukuambia ni moja.